Dalali Amekutapeli Mbeya: Mwongozo Kamili wa Kumshtaki Mahali Panapostahili

Malalamiko mengi dhidi ya madalali hufa kwa sababu yamepelekwa mahali pasipo na uwezo wa kufanya lolote. Mtu katapeliwa kiwanja Isyesye, anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anamwita dalali, dalali anaahidi kurudisha hela mwisho wa mwezi, karatasi inaandikwa, muhuri unagongwa, mwaka unakatika. Mwenyekiti wa watu hana kosa. Leseni ya dalali hakuitoa yeye, na mahabusu hana.

Kenya wana bodi ya kusajili mawakala wa nyumba na viwanja, chini ya sheria ya mwaka 1984. Dalali anayekuonyesha chumba Mafiati au kiwanja Iwambi hajawahi kukaa mbele ya bodi ya namna hiyo. Hilo halina maana kwamba haguswi. Maana yake ni kwamba lazima ujue umshike wapi, na hapo ndipo tunaanzia.

Hatua ya 1: Jua ni dalali wa aina gani

Neno dalali linabeba watu wengi ambao kisheria hawafanani hata kidogo.

Yupo dalali wa mtaani. Ofisi yake ni simu na kivuli cha mti karibu na stendi ya bajaji. Kama ana karatasi yoyote, ni leseni ya biashara kutoka halmashauri, iwe Jiji la Mbeya, Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, Rungwe, Mbarali au Manispaa ya Iringa. Nenda dirisha la Afisa Biashara, uliza kama jina lake au la kampuni yake lina leseni hai, na ni leseni ya kazi gani. Nimeona leseni ya duka la vipuri ikitundikwa ukutani kwa dalali, na wateja wanaridhika kwa sababu ina nembo. Kama anajiita kampuni, uliza usajili wake BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni na majina ya biashara. Asipokuwa na leseni kabisa, hilo peke yake ni kosa, na ni la kuandika kwenye lalamiko lako.

Yupo dalali wa mahakama. Huyu huteuliwa chini ya kanuni za mwaka 2017 zinazohusu uteuzi, malipo na nidhamu ya madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka. Ana kamati inayoweza kumwadhibu na kumnyang'anya kazi. Akija kutoa vyombo nje, mwombe kitambulisho na amri ya mahakama, kisha soma jina la mahakama na namba ya shauri. Wapo wanaotembea na koti na karatasi yenye mhuri wa kuchora, wakitishia wapangaji wa Soweto kana kwamba wametumwa na jaji.

Yupo dalali wa mnada, ambaye hutumwa na benki kuuza nyumba iliyowekwa rehani. Anabanwa na Sheria ya Minada, Sura ya 227. Ardhi haiuzwi kwa mnada mpaka tangazo la angalau siku 14 litolewe katika mji mkuu wa wilaya na pia pale mnada utakapofanyika. Sheria hiyo inataka tangazo litaje jina la mwenye mali na anakoishi, tena litolewe kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Mnada ulioendeshwa kimyakimya asubuhi ya mvua, wanunuzi wakiwa watu watatu wanaofahamiana, una harufu mbaya. Omba nakala ya leseni yake uone ni ofisi gani iliyoitoa, kwa kuwa ndiyo utakayoiandikia.

Halafu kuna wataalamu wanaofanya udalali pembeni ya kazi yao. Mthamini anaongozwa na sheria ya mwaka 2016 iliyounda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na mtu asiyesajiliwa akijiita mthamini ametenda kosa. Mtaalamu wa mipango miji ana bodi yake chini ya sheria ya mwaka 2007. Wakili ana Kamati ya Mawakili, ambayo inaweza kumsimamisha au kufuta jina lake kwenye orodha. Kabla hujamwamini aliyegonga muhuri kwenye mkataba wako, tafuta jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ni dakika chache tu, na watu wameuziana mashamba kwa muhuri wa wakili aliyesimamishwa.

Usimsahau mtendaji au mwenyekiti anayekula udalali. Akidai asilimia 10 ya bei "kwa ajili ya ofisi", mwombe namba ya malipo ya serikali na stakabadhi yake. Asipotoa, hiyo hela ni ya mfukoni, na mlango wake ni TAKUKURU na Mkurugenzi wa halmashauri.

Hatua ya 2: Kama mali bado ipo, izuie kwanza

Watu hukimbilia kuandika lalamiko huku kiwanja kinauzwa kwa mtu wa pili. Nidhamu ya dalali itasubiri wiki mbili. Kiwanja hakisubiri.

Kama kina hati, nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, kwa Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake, hivyo wa Iringa, Njombe na Songwe hawana tena sababu ya kupanda basi kuja Mbeya. Omba upekuzi rasmi ujue jina lililopo kwenye daftari. Kisha, kama una maslahi halali, weka zuio ili uhamisho usipite bila wewe kujulishwa. Kwa eneo lisilo na hati, andikia serikali ya mtaa au ya kijiji kuwaarifu kwamba mauziano yale yana mgogoro, na wakugongee nakala "imepokelewa", yenye tarehe. Hapo ndipo muhuri wa mwenyekiti una kazi ya kweli. Shauri likishafunguliwa, omba amri ya muda ya kuzuia.

Kama ni nyumba ya familia na mwenzi mmoja ameuza peke yake kwa msaada wa dalali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenzi ambaye hakuridhia. Mama wa namna hiyo aende kuweka zuio, na cheti cha ndoa mkononi, siku hiyo hiyo, asisubiri kikao cha ukoo.

Hatua ya 3: Lipe kosa jina lake

"Amenitapeli" haitoshi. Anayesoma lalamiko lako anatafuta kitendo. Haya ndiyo yanayojirudia huku Nyanda za Juu Kusini.

Cha juu. Mwenye kiwanja kasema milioni 12, dalali kakwambia milioni 15, zile 3 zinaishia kwake. Wengi huona ni ujanja wa kawaida wa mjini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haioni hivyo. Wakala anayejinufaisha kwa siri katika kazi aliyotumwa anaweza kudaiwa faida hiyo na aliyemtuma, na wakala aliyefanya utovu wa nidhamu katika kazi ile hana haki ya ujira wa sehemu aliyoivuruga. Kwa hiyo mwenye kiwanja ndiye mwenye dai lenye nguvu zaidi hapa, ingawa mara nyingi mnunuzi ndiye anayelia. Ukigundua cha juu, mtafute mwenye mali mkae naye. Mkiungana nyinyi wawili, dalali hana pa kusimama. Ikiwa mlipatana wazi kwamba kinachozidi milioni 12 ni chake, basi hakuna siri hapo, na wewe muuzaji umejifunga mwenyewe.

Kuuza mara mbili. Linatokea sana Uyole, Nsalaga na kuelekea Songwe, ambako ardhi inapanda bei, na pia kwenye mashamba ya miti ya Mufindi na Njombe. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, ametumiwa picha za misonobari kwenye simu, na hajui kwamba misonobari ile ile imetumwa pia kwa mwalimu mmoja Dodoma. Kosa la dalali linategemea alijua nini. Tafuta ujumbe, tarehe au shahidi anayeonyesha kwamba alikuwepo kwenye mauzo ya kwanza.

Kuuza kisichouzika. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa sheria ya barabara ya mwaka 2007. Upanuzi wa njia nne kati ya Uyole na Ifisi umewafungua macho wengi waliouziwa "fremu za barabarani". Kule Mbarali, mashamba ya mpunga yaliuzwa ndani ya eneo lililoguswa na Tangazo la Serikali namba 28 la mwaka 2008, lililopanua Hifadhi ya Ruaha. Dalali atasema naye hakujua. Kama ameuza maeneo pale kwa miaka kadhaa, utetezi huo haumbebi.

Kukalia fedha. Umempa kodi ya miezi sita ampelekee mwenye nyumba, naye kaizungusha. Wanafunzi wa Iyunga na Block T wanaumizwa sana na hili kila vyuo vinapofunguliwa, pamoja na ile hela ya kuonyeshwa vyumba ambavyo tayari vina wapangaji. Elfu kumi ya mwanafunzi mmoja haifungui kesi. Ya wanafunzi ishirini, wakiandika majina na namba za miamala kwenye karatasi moja, inamfikisha Afisa Biashara na polisi.

Kula pande mbili. Kachukua kamisheni kwa muuzaji na kwa mnunuzi, hakuna aliyejua ya mwenzake. Kama alihongwa amfiche bosi wake jambo, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa hata kama si mtumishi wa umma.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi kabla hujamgombeza

Mpangilio huu ni muhimu. Ukishampigia na kumtukana, atafuta picha, atakublock, na wale vijana waliokuwa naye watapotea.

Anza na simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa simu kama ushahidi, lakini mahakama itataka kujua kwamba haukuchezewa. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu, usimkabidhi fundi aifomati. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yake na tarehe, halafu zichapishe. Sauti alizokutumia WhatsApp zihifadhi pia mahali pa pili.

Miamala ya M-Pesa, Airtel Money au nyingineyo usiitegemee kwenye ujumbe pekee. Nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho, uombe taarifa ya miamala ya kipindi hicho. Jina linalotokea pale ni la aliyesajili laini, na mara nyingi ni shemeji au mke wa dalali. Liandike hivyo lilivyo. Kama ulilipa taslimu, tafuta waliokuwepo, na umtumie dalali ujumbe wa upole kama huu: "Kaka, ile milioni 4 niliyokupa Jumamosi pale Kabwe, mwenye kiwanja amesemaje?" Akijibu "bado namfuatilia", amekiri kupokea.

Tafuta mkataba. Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, inataka makubaliano ya kuuziana ardhi yawe ya maandishi. Mkataba wa udalali wenyewe unaweza kuwa wa mdomo, ila utasumbuka kuuthibitisha. Kama hamkuandikiana, kumbuka nani alisikia bei na kamisheni. Kwa nyumba ya kupanga desturi ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa kuuza huwa ni asilimia mliyopatana, na asilimia isiyoandikwa huongezeka siku ya malipo.

Mwisho, andika mfuatano wa matukio kwenye ukurasa mmoja: tarehe, mahali, kilichosemwa, kiasi kilicholipwa. Usiweke hasira humo.

Hatua ya 5: Mwandikie yeye kwanza

Barua ya madai mpe siku 14. Mpelekee kwa mkono, mbele ya shahidi, akisaini nakala yako. Akikataa kusaini, shahidi aandike kwamba amekataa, tarehe na saa. Itume pia kwa WhatsApp. Madalali wengi wanalipa hapa, kwa sababu barua inaonyesha unajua unakoelekea. Usitishie kumpeleka polisi endapo hatalipa, maana maneno hayo yanaweza kukugeukia. Sema tu kwamba utachukua hatua za kisheria.

Akianza kulipa kidogo kidogo, pokea, toa stakabadhi, lakini usisaini karatasi yoyote inayosema "sina madai mengine" kabla ya shilingi ya mwisho.

Hatua ya 6: Chagua mlango wa fedha au ardhi yako

Hapa ndipo watu hupoteza miaka. Jiulize: ninataka ardhi, au ninataka fedha yangu?

Mgogoro wa nani ni mmiliki unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa ardhi lina uwezo wa hadi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya nani mwenye ardhi. Usiruhusu mtu akuambie kata imekupa kiwanja.

Kudai fedha ulizompa dalali au cha juu alichokula ni dai la mkataba. Hadi milioni 30 linaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako ada ni ndogo na lugha ni Kiswahili. Ukipeleka dai la kamisheni kwenye Baraza la Ardhi kwa sababu tu ndani yake kuna neno kiwanja, linaweza kutupwa baada ya miezi ya kupigwa kalenda.

Polisi ni kwa kosa la jinai, hasa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, ambalo Kanuni ya Adhabu inaliwekea hadi miaka saba jela. Ukifika kaunta utaambiwa, "Mama, hii ni kesi ya madai." Jibu lako ni ule ukurasa mmoja. Onyesha ni uongo gani alikwambia akijua ni uongo siku anapokea fedha: kwamba kiwanja hakijauzwa, kwamba ametumwa na mwenye mali, kwamba yeye ni dalali wa mahakama. Omba RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, andika jina la mpelelezi. Kesi ya jinai na ya madai zinaweza kwenda sambamba. Ila jinai haikurudishii fedha yenyewe kwa yenyewe, na mtu akiwa ndani hatafuti pesa.

Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Waulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri wakuelekeze kwa waliosajiliwa.

Hatua ya 7: Sasa mfuate kwenye leseni yake

Lalamiko la nidhamu ni barua tofauti na madai. Kamati au bodi haikusanyi deni lako. Inauliza kama mtu huyu anafaa kuendelea na kazi. Ukijaza barua kwa hesabu ya gharama za bajaji, wataiweka kando. Iandikwe takriban hivi:

"Mimi ni mnunuzi wa kiwanja kilichopo Itezi. Namlalamikia mthamini aliyetajwa hapo juu, namba ya usajili (…). Tarehe (…) aliniambia kwa maandishi kwamba mwenye kiwanja anataka milioni 20. Kiambatisho A. Mwenye kiwanja amethibitisha kwamba bei aliyotaka ni milioni 14. Kiambatisho B. Wakati huohuo aliandaa taarifa ya uthamini wa kiwanja hicho bila kunieleza kwamba anakiuza. Kiambatisho C. Naomba achunguzwe kwa mgongano wa maslahi na kwa kunipotosha. Shauri la fedha limefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, namba (…)."

Hivyo tu. Kitendo, tarehe, kiambatisho. Sifa za tabia yake achana nazo.

Barua ya mthamini inakwenda kwa Msajili wa Bodi ya Wathamini. Ya wakili inakwenda Kamati ya Mawakili, kwa kawaida ikiambatana na kiapo. Ya dalali wa mahakama ipitie kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya au Kanda ya Iringa, na nakala kwa hakimu mfawidhi wa mahakama iliyotoa amri. Kama dalali huyo ameuza mali yako kinyume cha amri, usisubiri kamati. Fungua maombi kwenye mahakama ile ile wiki hiyo hiyo, kwa kuwa muda wa kupinga mauzo ni mfupi mno. Ya dalali wa mtaani inakwenda kwa Afisa Biashara, nakala kwa Mkurugenzi. Na kama alikwepa kodi kwenye kamisheni, TRA watafurahi kusoma nakala yao. Jambo ambalo madalali wengi hawalijui: sheria ya kuzuia utakasishaji fedha haramu inawataja mawakala wa milki miongoni mwa wanaopaswa kutoa taarifa za miamala yenye shaka. Anayepokea mamilioni taslimu ya nyumba ya Forest bila kuuliza lolote amejiweka pabaya yeye mwenyewe.

Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya mwezi andika barua fupi ya kukumbushia, ukitaja tarehe ya kwanza. Ukiitwa kwenye kikao, beba simu yenyewe yenye ujumbe, pamoja na karatasi zilizochapishwa, na uje na shahidi mmoja aliyesikia bei. Dalali atakuja na mashahidi wanne waliosikia kila kitu, hata yaliyozungumzwa siku ambazo hawakuwepo. Waulizwe tarehe.

Utaombwa kufuta lalamiko akishakurudishia hela. Uamuzi ni wako kwa upande wa madai. Kwa lalamiko la nidhamu, waandikie tu kwamba umelipwa na uambatishe stakabadhi, kisha waache waamue wenyewe, maana waliouziwa kabla yako huenda hawajui hata pa kuandika.

Angalia na kalenda. Dai la mkataba lina miaka sita, la kurudisha ardhi miaka 12. Ni muda mrefu kwenye karatasi, lakini laini ya simu ya dalali haidumu hivyo, na mwenye nyumba mzee aliyesikia bei halisi naye anaweza kuhamia kwa mwanawe Chunya. Barua ya siku 14 ipelekwe wiki hii.